Kafyu Imeisha, Safari Zimerudi: Panga Krismasi Yako Bila Kulia Januari

Tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, Rais Uhuru Kenyatta alisimama kule Wang'uru, Kirinyaga, akatangaza kwamba kafyu imeondolewa nchi nzima. Kabla hata hotuba haijaisha, grupu yetu ya familia ya WhatsApp ilikuwa imejaa. Mjomba wa Eldoret aliuliza nani anakuja ushago Krismasi. Shangazi alijibu kwa emoji za kucheza. Mama akaandika neno moja tu: "Wote."

Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020. Hiyo ni karibu miezi kumi na tisa ya kukimbizana na saa. Katikati yake tulifungiwa Nairobi, tukafunguliwa Julai 2020, kisha Machi 2021 Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zikafungwa tena hadi tarehe 1 Mei. Sisi babu yetu alizikwa Busia Mei 2020. Wakati huo mazishi yaliruhusiwa watu 15 tu, na Nairobi hakuna aliyekuwa anatoka. Tulimzika kwa simu, mtandao ukikatika kila dakika tano. Kwa hivyo Mama akisema "wote", hatanii.

Najua si sisi pekee. Kuna wale ambao hawajaona wazazi tangu 2019, kuna wanaotaka tu kuona bahari, na kuna ambao harusi zao ziliahirishwa mara mbili. Desemba hii kila mtu atakuwa barabarani. Swali ni moja: utasafiri vipi bila kurudi Nairobi na simu haina kitu, huku Njaanuari inakungoja mlangoni?

Hii hapa njia tunayotumia sisi nyumbani, pamoja na mambo machache ambayo kila mtu anayelipa kwa simu anafaa kujua kabla ya kubonyeza "Tuma".

Kwanza, elewa kwa nini Desemba ya 2021 ilikuwa ngumu

Miaka mingine watoto hufunga shule mapema na familia husafiri kwa awamu. Wengine huenda tarehe 5, wengine tarehe 15, wengine mkesha wa Krismasi. Mwaka 2021 kalenda ya shule ilibanwa sababu ya miezi iliyopotea 2020. Muhula wa pili ulikuwa unaisha tarehe 23 Desemba, na muhula wa tatu ulikuwa unaanza tarehe 3 Januari 2022. Hesabu vizuri: zilikuwa siku kumi tu katikati.

Maana yake ilikuwa nini? Moja, kila mzazi mwenye mtoto shuleni angesafiri siku zile zile mbili au tatu. Mbili, kila mtu angerudi wikendi ile ile ya mwaka mpya. Tatu, na hii ndiyo inauma, karo ya muhula wa tatu ilihitajika siku ya kushuka basi kutoka ushago.

Kumbuka pia petroli ilikuwa imepanda. Mwezi wa Septemba 2021 lita moja Nairobi ilifika shilingi 134.72 kabla ya kushuka kidogo Oktoba. Mwenye basi hatabeba mzigo huo peke yake. Unajua tu mvua ikinyesha nauli ya kwenda Rongai inapanda mara mbili, sembuse tarehe 24 Desemba.

Anza na Januari, kisha urudi nyuma

Wengi wetu hupanga likizo kwa kuuliza, "Niko na ngapi?" Swali bora ni, "Ni pesa gani ambayo si ya likizo?"

Mama aliketi mezani wiki iliyopita na kitabu cha hesabu cha mdogo wangu, akaandika juu kabisa: KARO, 18,000. Hiyo ni ya wadogo wangu wawili. Chini yake akaandika kodi ya nyumba ya Januari. Akachora mstari mnene. "Juu ya huu mstari," akasema, "hata Krismasi ikija na malaika, hakuna kugusa."

Chini ya mstari ndiyo ikaja safari. Tuko wanne. Yetu ilitoka hivi:

Nauli ya kwenda na kurudi Busia, kwa bei ya siku ya kawaida ya 1,200 kila mtu: 9,600.
Vitu vya kubebea shosho (sukari, unga, mafuta, blanketi): 6,000.
Mchango wa chakula cha siku zote: 5,000.
Bodaboda na matatu tukiwa huko: 1,000.
Dharura: 3,400.

Jumla ni 25,000. Ukiitazama mara moja inatisha. Lakini kutoka Ijumaa ya tarehe 5 Novemba 2021 hadi Ijumaa ya tarehe 17 Desemba kuna Ijumaa saba. Gawanya 25,000 kwa saba unapata kama 3,570 kwa wiki. Mama na mimi tukigawana, kila mmoja anatoa kama 1,800. Si pesa kidogo, lakini ni pesa ninayoiona. Ni chakula cha mchana cha mtaani nilichokuwa nanunua kila siku, na data niliyokuwa nanunua ya bei ya juu.

Ushauri mmoja hapa: hiyo pesa isikae kwa akaunti ile unayolipia kila kitu. Ukiiacha pale itaisha tu, hata wewe hutajua ilienda wapi. Iweke kwa akaunti ya akiba ya kwenye simu, na kama huduma unayotumia inaruhusu, uifunge hadi tarehe 17 Desemba. Kama mna chama, mwekeni mweka hazina mmoja na muwe mnatuma picha ya salio kwa grupu kila Ijumaa. Uaminifu hautoshi peke yake. Watu wanapenda kuona.

Nauli: lipa mapema, na chagua siku ambayo wengine hawaipendi

Turudi kwa ile 1,200. Tuseme tungengoja hadi asubuhi ya tarehe 24 tukaenda steji na mabegi. Kama nauli imefika 2,500, kwenda tu tungelipa 10,000 badala ya 4,800. Tofauti ni 5,200, yaani karibu pesa yote ya zawadi za shosho imeishia kwa makanga.

Kampuni nyingi za mabasi ya masafa marefu sasa zinakuruhusu kukata tiketi kwa simu na kulipa papo hapo. Ukilipa mapema, bei uliyolipa ndiyo bei yako. Hifadhi ujumbe wa tiketi na ule wa malipo. Usifute hadi urudi nyumbani.

Kwa wanaoenda Mombasa, treni ya SGR ndiyo ambayo bei yake haiyumbi na msimu: mwaka 2021 ilikuwa shilingi 1,000 daraja la kawaida na 3,000 daraja la kwanza, Nairobi hadi Mombasa. Unakata tiketi kwa *639# na kulipa kwa simu. Shida ya treni si bei, ni nafasi. Siku za Krismasi hujaa mapema sana, kwa hivyo usingoje Desemba ndiyo uangalie. Na ukikata, andika namba ya kitambulisho sawasawa, sababu utaulizwa kile kitambulisho ukifika stesheni.

Kafyu kuondoka pia kumerudisha mabasi ya usiku. Ulikuwa huwezi kuondoka Nairobi saa mbili usiku kwenda Magharibi ama Pwani, sasa unaweza. Wengine hupenda kwa sababu unaokoa siku nzima. Ukisafiri usiku, panga nani atakupokea asubuhi, na usitembee na pesa taslimu mfukoni.

Na kama kazi yako inakuruhusu, rudi mapema. Sisi tunaenda tarehe 24 na kurudi Alhamisi tarehe 30. Mama alilalamika kidogo ("Mwaka mpya barabarani Nairobi kufanya nini?") lakini alipoona nauli ya Jumapili tarehe 2 Januari inavyoweza kuwa, akanyamaza.

Nyumba ya Diani ambayo haikuwa ya mtu

Hii sehemu soma polepole.

Binamu yangu alitaka kupeleka mkewe Diani mwezi wa Agosti. Akaona tangazo mtandaoni: nyumba ya vyumba viwili, dimbwi la kuogelea, dakika tano hadi baharini, bei nzuri kupita kiasi. Akaongea na "wakala". Mtu mpole, anajibu haraka, anatuma picha. Kisha ikaja ile sentensi: "Kuna watu wengine watatu wanaitaka hiyo wikendi, tuma nusu sasa nikuwekee." Nusu ilikuwa 12,000.

Alipoingiza namba, jina lililotokea halikuwa la yule waliyekuwa wanaongea naye. Aliliona. Akajiambia, labda ni simu ya mkewe. Akatuma.

Siku mbili kabla ya safari, simu ya wakala ilikuwa imezimwa. Rafiki anayeishi Ukunda akaenda kuangalia. Nyumba ilikuwepo, dimbwi lilikuwepo, lakini mlinzi hakuwa amewahi kusikia habari za huyo wakala. Picha zilikuwa zimeibwa tu kwenye tangazo la wenyewe.

Binamu yangu ana digrii na si mjinga. Alikuwa na haraka, na alikuwa amechoka kukaa ndani mwaka mzima na nusu. Matapeli wanajua hiyo hamu tuliyonayo sote sasa hivi.

Kabla hujatuma amana ya nyumba, gari au ziara, fanya haya:

Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Ile sekunde chache ya kuthibitisha iko pale kwa ajili yako. Kama jina si la biashara ama mtu uliyekubaliana naye, simama. Uliza. Kama jibu halieleweki, ondoka.

Omba namba ya Till au Paybill ya biashara. Si kila mwenye Till ni mwaminifu, lakini biashara iliyosajiliwa inaacha nyayo ambazo namba ya mtu binafsi haiachi. Na ukilipa kwa Till hukatwi ada, kwa hivyo hakuna sababu ya mtu kukwambia "tuma kwa hii yangu ndiyo rahisi."

Omba simu ya video kutoka ndani ya nyumba. Mwenye nyumba kweli atafungua mlango akuonyeshe jikoni. Tapeli atakuwa "kwa mkutano" kila mara.

Tafuta picha zile zile mtandaoni. Zikitokea kwa tangazo lingine lenye jina lingine na bei nyingine, umepata jibu lako.

Kubalianeni kwa maandishi. Kiasi gani, tarehe gani, na ukiahirisha unarudishiwa ngapi. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kuanzia.

Na ikiwa umetuma kimakosa? Kwa M-PESA, tuma ule ujumbe wote wa muamala kwenda 456 mara moja ili uombe kurudishiwa. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Kama ni utapeli, ripoti namba hiyo kwa 333 na upige ripoti polisi. Binamu yangu alingoja wiki nzima kwa aibu. Usifanye hivyo.

Usitoe pesa kidogo kidogo

Ukiwa likizoni una tabia moja inayokula pesa kimya kimya: kutoa elfu moja leo, elfu moja kesho.

Angalia viwango vya M-PESA vya mwaka 2021. Kutoa shilingi 1,000 kwa wakala ulikuwa unakatwa 28. Ukifanya hivyo mara kumi umelipa 280. Ukitoa 10,000 mara moja ulikuwa unakatwa 112. Ni pesa ile ile, lakini umetupa 168. Hiyo ni soda ya watoto wote wa boma.

Simaanishi utembee na 10,000 mfukoni. Namaanisha ujiulize ni nini hasa kinahitaji taslimu. Duka la karibu na soko, hata ushago, siku hizi wengi wana Till. Mwenye boda anapokea kwa simu. Toa taslimu kwa yale tu ambayo hayana njia nyingine, toa mara moja au mbili, na uweke sehemu mbili tofauti.

Kama unasafiri na pesa nyingi, jua mipaka yako. Machi 2020 Benki Kuu iliruhusu kiwango kupandishwa, na mwaka 2021 ulikuwa unaweza kutuma hadi 150,000 kwa muamala mmoja na kuweka hadi 300,000 kwenye simu. Ni nzuri, lakini simu hiyo sasa ni benki. Weka nywila kwenye simu yenyewe, usiandike PIN popote, na usimpe mtoto acheze gemu ndani ya basi ukiwa umelala.

Wale mnaotuma badala ya kwenda

Si kila mtu atasafiri. Kuna walio kazini, kuna ambao hesabu zao zimekataa, na si aibu. Ukituma nyumbani, kumbuka ile adabu ya zamani: tuma na ya kutolea. Mwaka 2021 ukimtumia shosho 2,000 kamili, wakala alikuwa anakata 28, na alikuwa anabaki na 1,972 na hesabu ya kuvunja kichwa. Ongeza 30 tu.

Na tuma mapema. Mkesha wa Krismasi mawakala wa vijijini huishiwa taslimu. Utaona ujumbe umefika, lakini mzee ametembea kilomita tatu akaambiwa "float imeisha, rudi kesho." Tuma tarehe 20, anunue unga kabla foleni haijaanza.

Kama safari ya mbali imeshindikana, usikae tu ndani. Nairobi National Park mwaka 2021 mtu mzima Mkenya alikuwa anaingia kwa 430 na mtoto kwa 215. Malipo ni kwa simu, hawapokei taslimu langoni, na ubebe kitambulisho. Ni matembezi ya siku moja, mnabeba chapati zenu, na jioni mko nyumbani.

Corona bado haijaenda likizo

Kafyu imeisha, virusi havijaisha. Matatu zilirudi kujaza abiria wote tangu tarehe 9 Agosti 2021, kwa hivyo mtakaa bega kwa bega saa nane. Mwaka 2021 barakoa ilikuwa bado ni sheria. Fungua dirisha, hata kama yule mama wa nyuma atalalamika upepo.

Mwaka 2021, ambaye hakuwa amechanjwa alikuwa na wiki za kutosha kabla ya Krismasi. Serikali ilitaka watu wazima milioni 10 wawe wamechanjwa kufikia mwisho wa mwaka huo, na chanjo ilikuwa bure. Hakukuwa na haja ya kumlipa mtu yeyote "kukupanga kwa foleni." Aliyekamilisha alipakua cheti chake akakihifadhi kwenye simu. Waliovuka mpaka kwenda Uganda au Tanzania walihitaji kuuliza masharti ya kipimo cha PCR kabla ya kukata tiketi, na kuweka gharama hiyo kwenye bajeti. Kwa familia ya watu wanne, kipimo kingeweza kuzidi nauli.

Na kwa kuwa tumejifunza kwamba mambo yanaweza kufungwa kwa hotuba moja ya Ijumaa jioni, lipa amana ndogo pale unapoweza, na uliza mapema kuhusu kurudishiwa. Ile 3,400 yetu ya dharura Mama hakuiweka kwa bahati mbaya.

Jumapili iliyopita tulimpigia shosho kumwambia tarehe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hata mwaka jana mlisema hivyo."

"Mwaka huu tumeshakata tiketi, shosho," nikamwambia.

"Imelipwa?"

"Imelipwa."

"Basi nisomee huo ujumbe."

Nikamsomea wote, jina la basi, tarehe, namba za viti na hata kiasi kilichobaki kwenye akaunti. Akacheka. Kisha akauliza kama tutalala kwa nyumba yake ama ya babu, sababu ya babu inahitaji kufagiliwa.

Tuko Ijumaa ya kwanza. Zimebaki sita. Wewe yako unaanza lini?